Kituo cha kurisiti PCB pale Soweto, Mbeya: miezi tisa niliyosoma

Wadogo zangu mnaoulizia kurisiti, yaani kurudia mtihani wa fomu siksi hapa Mbeya kwa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mi nimesoma kituo kimoja maeneo ya Soweto toka Agosti mpaka pepa la Mei, jina silitaji kwa sababu kuna mambo yao nitayasema hayatawapendeza.

Mara ya kwanza nilipata baiolojia C, kemia D, fizikia E. Kwa pointi za kuombea chuo C ni 3, D ni 2, E ni 1, jumla 6. Digrii kwa ujumla wanataka prinsipo mbili (masomo uliyopata E kwenda juu) zenye jumla ya pointi 4, kwahiyo sikuwa nimefeli, ila mi nataka udaktari na kule wanaogombania nafasi wana alama za juu sana, nikaona nikiomba na zile 6 nitarudi nyumbani tu. Mama anauza mchele Mwanjelwa, akaniambia mwanangu rudia, tutajibana.

Kilichonibeba ni ticha wa fizikia. Kila Ijumaa anakupa pasti pepa, unafanya kwa muda kama mtihani kabisa, Jumatatu inarudi imejaa wino mwekundu halafu anakuita mmoja mmoja mnakaa nayo. Siku ya kwanza kaniambia "jibu umepata lakini njia hujaonyesha, na yuniti umesahau, nani akupe maksi?" Nilishangaa sana jamani, mi miaka yote miwili nilijua tatizo langu ni notisi, nikawa nakopi notisi za kila shule, kumbe nilichokosa ni mtu wa kusahihisha kazi yangu na kunionyesha maksi zinapodondokea. Wa kemia naye anasahihisha ila anachelewesha. Wa baiolojia kawaida.

Sasa praktiko. Wakati wa kujiandikisha waliniambia maabara kila wiki, nikalipa. Kumbe hawana maabara, wanakodi kwenye shule moja Jumamosi, na tumeanza kuingia Januari, watu nane mita briji moja (kifaa cha kupimia ukinzani wa umeme), bureti (mrija wa kupimia kimiminika) mnapokezana, na hela yake inalipiwa pembeni tofauti na ile ada ya kituo ya elfu 40 kwa mwezi. Hili liliniuma kwa sababu pepa la 3 ni praktiko tupu na titresheni (kudondoshea kemikali moja kwenye nyingine mpaka rangi ibadilike) huwezi kuisoma kwenye kitabu, mkono lazima uzoee. Kabla hujatoa hata shilingi uliza: maabara ni yenu au ya kukodi, tunaanza lini, meza moja wangapi. Na ada ya mtihani ya NECTA (baraza la mitihani) ni mbali, ipangie mapema.

Halafu kuna jamaa alinifuata Kabwe anataka laki tano "anirekebishie" matokeo. Msithubutu! Chuo hawategemei karatasi uliyoshika mkononi, wanavuta matokeo NECTA kwa namba yako ya mtihani, hela itaenda na kesi juu.

Matokeo yametoka Julai hii, baiolojia B, kemia C, fizikia C, pointi 10. Fizikia kutoka E ya 40 na kitu mpaka C inayoanzia 60, yule ticha Mungu ambariki. Nimeshaomba, namba moja nimeweka chuo cha afya cha UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kilichopo hapa hapa Mbeya. Kituo wanaanza darasa jipya Agosti, ukienda ulizia kwanza kama ticha wa fizikia bado yupo.