Tahadhari: Vipokezi feki vya RTL-SDR, na kwa nini kusikia FM si ushahidi

Wadau wa redio, kuna mchezo mchafu kwenye vipokezi vya SDR vya bei nafuu (redio ambazo kazi kubwa ya kuchambua mawimbi hufanywa na programu ya kompyuta), na wanaopigwa zaidi ni wageni. Ujanja wenyewe ni kwamba kidude hakiji kimekufa. Kingekuja kimekufa ungedai pesa yako na mambo yangeishia hapo. Kinakuja kizima. Unakichomeka, programu inafunguka, stesheni ya FM inaimba vizuri kabisa. Mnunuzi anafurahi, anathibitisha kuwa mzigo umefika na ameridhika, muuzaji analipwa. Baadaye, anapoanza kutafuta ndege, meli au mawimbi mafupi, ndipo anapogundua kauziwa mbuzi kwenye gunia, na muda wa kulalamika umeshapita.

Kimoja kimepitia mikononi mwangu, nimeletewa na mtu aliyedhani tatizo ni antena yake. Nje kimeandikwa jina la toleo linaloaminika. Tangazo lake lilisema kinapokea kuanzia kHz 500 hadi MHz 1766, ndege, setilaiti, kila kitu. Niliendesha rtl_test, ile programu ndogo inayokuja na draiva, na mstari uliotokea ukasema: Found Fitipower FC0012 tuner. Kesi ikaishia hapo. FC0012 ni tyuna, yaani chipu inayochagua masafa, na inakomea karibu MHz 948. Ndege hutangaza mahali zilipo kwenye MHz 1090. Hata ukisimamisha antena ndefu kuliko mnazi, hutaiona hata moja.

Kwa asiyefahamu, ndani ya vidude hivi kuna chipu mbili zinazofanya kazi kubwa. Ya kwanza ni RTL2832U ya Realtek, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 ndipo ilipofahamika kote kwamba inaweza kumwaga sampuli ghafi za biti 8 moja kwa moja kwenye kompyuta, na hobi nzima ya SDR ya bei nafuu ikazaliwa hapo. Hiyo iko karibu katika kila kidude, feki na halisi, kwa hiyo muuzaji akikuambia "ina RTL2832U" hajakuambia chochote. Ya pili ni tyuna, na ndiyo inayoamua utasikia nini. R820T na R820T2 hufika kati ya MHz 24 na MHz 1766 hivi. Toleo la nne la RTL-SDR Blog (chapa inayojulikana ya vidude hivi), lililotoka 2023, linatumia R828D pamoja na kigeuza masafa cha ndani cha MHz 28.8 kwa ajili ya mawimbi mafupi. Tangazo lisilotaja tyuna ni la kupita nalo mbali.

Sasa turudi kwenye FM, maana changa la macho lipo hapo. Kila kipokezi kina kristali inayokipa mapigo. Vilivyo vizuri vina TCXO, kristali inayojirekebisha joto linapobadilika, na kosa lake huwa karibu ppm 1 (sehemu moja kwa milioni). Vya bei ya chini vina kristali ya kawaida, na kosa la makumi ya ppm si ajabu. Chukua ppm 60. Kwenye FM ya MHz 100 hilo ni kosa la kHz 6, na stesheni ya FM ina upana wa karibu kHz 200, kwa hiyo sikio lako halitagundua kitu. Peleka kosa hilohilo MHz 450, kwenye redio za mawasiliano zenye chaneli za kHz 12.5: umekosea kHz 27, yaani zaidi ya chaneli mbili. Unasikiliza ukimya huku mtu anaongea pembeni. Muuzaji anayekutumia video ya kidude kikipiga muziki wa FM anajua anachofanya, au hajui kabisa anachouza.

Kwa hiyo kipime siku kilipofika, kabla hujathibitisha mapokezi. Anza na rtl_test, usome mstari wa tyuna na upige picha ya skrini. Jina linaloonekana kwenye kompyuta lisikutishe wala lisikutulize, kwa sababu linakaa kwenye EEPROM (kumbukumbu ndogo ndani ya kidude) na programu ya rtl_eeprom inaweza kuliandika upya kwa dakika moja. Feki nyingine hujitambulisha kwa adabu zote. Tyuna ni habari nyingine, kwani draiva huiuliza chipu yenyewe. Kidude kikijiita toleo la nne halafu tyuna ikasoma R820T, umebambikiwa. (Ila usigombane na mtu juu ya R820T na R820T2: draiva huzisoma zote mbili kama R820T.)

Kisha tafuta mawimbi membamba ambayo masafa yake unayajua kwa uhakika, utazame kwenye maporomoko (picha ya mawimbi inayoteremka kwenye skrini) ya programu za kusikilizia kama SDR++ au GQRX. Utaona mstari mwembamba. Kwenye kristali ya kawaida mstari huo hauteremki wima. Kidude kikiwa cha baridi unakuwa mahali pamoja, kinapopata joto unaanza kupinda kidogokidogo kuelekea upande mmoja, na ukikiacha kiendelee kufanya kazi unakuwa umehama kabisa. Kwenye TCXO unashuka karibu wima. Hakuna maelezo ya tangazo yanayoweza kubishana na mstari ule. Ipo pia rtl_test -p inayokadiria ppm, lakini inategemea saa ya kompyuta yako, kwa hiyo iache iende muda mrefu na uichukulie kama dokezo tu.

Ukipata ruhusa ya kufungua kasha, fungua. Kile nilicholetewa kilikuwa na kristali ndefu ya kikopo cha chuma imesimama juu ya bodi, wakati tangazo lilisema TCXO, ambayo kwa kawaida ni kijisanduku kidogo bapa. Kasha lilikuwa la aluminiamu, zuri kwa macho, lakini kati ya bodi na chuma hapakuwa na kitu, hewa tupu. Kwenye toleo la tatu halisi la RTL-SDR Blog kuna kipande laini kinachopitisha joto kutoka kwenye bodi kwenda kwenye kasha. Bila hicho, tyuna inachemka, na juu ya GHz 1.4 hivi inaweza kushindwa kushika masafa.

Tahadhari moja kwa upande wa pili, tusije tukamchafua muuzaji mwaminifu. Toleo la nne halisi likiendeshwa kwa draiva za zamani linakuwa kama kiziwi, hata stesheni kubwa hazionekani. Weka kwanza draiva za RTL-SDR Blog, na kama programu yako imekuja na faili yake ya rtlsdr.dll, ibadilishe hiyo pia. Malalamiko kadhaa ya "nimeuziwa feki" ninayoyaona yanaishia hapo.

Halafu kuna uongo wa kwenye tangazo lenyewe. Eti kitanasa simu za watu na mawasiliano ya polisi yaliyofichwa kwa msimbo: hakuna, usimbaji haufunguki kwa sababu umenunua antena. Eti kinarusha mawimbi pia: RTL-SDR ni kipokezi tu. Eti picha za hali ya hewa kutoka NOAA 15, 18 na 19: setilaiti hizo tatu zilizimwa 2025, na anayeziweka kwenye tangazo leo amenakili maneno ya zamani bila kuyasoma. Za Meteor za Urusi bado zinapatikana karibu na MHz 137.9, lakini kwa utaratibu mwingine wa kidijitali. Na yule anayekuuzia "kifurushi cha programu" kando, au anayekutumia kiungo chake binafsi cha draiva, mkimbie. SDR++, GQRX, dump1090 (ya kuona ndege) na Zadig (ya kuweka draiva kwenye Windows) zote ni za bure kutoka kwa waandishi wake. Faili la draiva kutoka kwa mtu aliyekwisha kukudanganya kuhusu chipu sijui unalifungua kwa imani gani.

Nakala haziko kwenye RTL pekee. RSP1, kipokezi cha SDR cha kampuni ya SDRplay, ina nakala nyingi zinazotumia chipu zilezile za MSi001 na MSi2500. Zinapokea, ndiyo, ila kampuni haina wajibu wa kuzihudumia, kwa hiyo usizinunue ukidhani umepata msaada wake. HackRF One, kifaa kingine cha SDR, ni suala tofauti: michoro yake iko wazi, kuinakili si wizi, lakini ubora unategemea aliyelehemu.

Ukishagundua umepigwa, fungua dai rasmi siku hiyohiyo na uweke picha ya mstari wa tyuna, picha ya bodi, na maneno ya tangazo uliyoyahifadhi kabla hayajabadilishwa. Mwenye kile kidude cha FC0012 alijibiwa hivi: "Rafiki, usifungue dai, tutakutumia kingine." Kingine hakikuja, siku zikapita, dirisha la dai likafungwa. Alipofuatilia akapewa marejesho ya sehemu ndogo ya bei kwa sharti afute malalamiko. Ukipewa maneno matamu kama hayo, jibu ndani ya dai, si kwenye ujumbe wa pembeni.

Na kama huna haraka, kabla ya kununua chochote sikiliza kwanza WebSDR ya Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi, au vipokezi vya KiwiSDR vilivyo wazi kwa umma. Ni bure, unafungua kwenye kivinjari. Utajua kama unachokitaka ni mawimbi mafupi, ambako RTL ya kawaida hupata shida, au ni ndege na meli, ambako R820T2 ya kweli inakutosha kabisa.