Fundi wa bodi Ngamiani aliyezifufua friza za mama: nyota nne na nusu

Hii naiandika kwa ajili ya watu wa Tanga wenye friza, pampu, mashine za kutotolesha vifaranga, chochote chenye kabodi kadogo ndani kenye programu, manake mi niliambiwa na watu watatu tofauti kwamba kwa shida kama yangu nipande basi niende Dar, kumbe mtu yupo Ngamiani hapahapa. Jina lake siandiki kwa sababu sikumuomba ruhusa, ila ukifika ulizia fundi wa bodi, sio wa simu, wa bodi, wauza spea za baiskeli pale wanamjua.

Kwanza niseme nilimpelekea nini. Mama anauza samaki, ananunua alfajiri Deep Sea anakuja kuwahifadhi kwenye friza mbili kubwa nyumbani Makorora. Thamostati za kiwandani zilishakufa zamani, friza zote mbili zinaongozwa na bodi moja aliyoiunga binamu yangu kabla hajahamia Mwanza. Ndani kuna Blue Pill, ile bodi ya bluu yenye chipu ya STM32F103, sensa mbili za joto aina ya DS18B20, rilei mbili za kuwasha kompresa na kioo kidogo cha kuonyesha nyuzi. Imefanya kazi miaka 3 bila kelele. Programu kaiandika kwa lugha ya C, draiva ya sensa, yaani kipande cha programu kinachoongea na sensa, kaitunga mwenyewe mstari kwa mstari, na ukiifungua macho yanauma, mabano juu ya mabano, vitu vimejirudia, neno volatile kila kona.

Mi natengeneza tovuti, C niliisoma chuoni kidogo. Mama alitaka kengele ilie mlango wa friza ukiachwa wazi, nikafungua ile programu niiongezee, nikaona siwezi kufanya kazi kwenye vurugu ile, bora niisafishe kwanza. Draiva ikatoka mistari kama 200 ikabaki 90. Nikaijaribu mezani kwa opsheni ya -O0, yaani kompaila, ile inayogeuza programu kuwa maagizo ya mashine, haibani kitu, ikaenda vizuri siku nzima. Halafu nikaipandisha kwenye bodi kwa -O2, yaani kompaila inabana, kama alivyokuwa anafanya binamu, nikafunga boksi, nikalala na amani yangu.

Siku nne zikapita. Ya tano, saa kumi na moja alfajiri, mama ananiita, "Mwanangu njoo uone, samaki wamelainika." Kioo kimeandika -18 na sakafu imejaa maji. Kilo 30 na ushee za kibua na changu. Mama hakunigombeza, alikaa kwenye kigoda akaanza kuwachambua, huyu wa kukaanga sasa hivi, huyu wa kutupa, hakusema neno, na hilo ndo liliniuma kuliko angenifokea.

Nikazima nikawasha, ikafufuka. Kesho yake usiku ikaganda tena. Nikaenda kwa fundi mmoja, akasema sensa imekufa, akabadilisha kwa 25,000, ikaganda tena vilevile. Na kulikuwa na kingine cha ajabu ambacho sikukipa uzito, nikichomoa sensa ya friza ya pili basi rilei ya friza ya KWANZA inaanza kutikatika, vitu viwili visivyohusiana kabisa.

Ndo nikafika Ngamiani. Kachumba kadogo, kana joto, feni inazungusha harufu ya risasi ya kuchomea. Namsalimia shikamoo, ananiitikia marahaba mdogo wangu huku hajainua macho, swali lake la kwanza likawa, "Nani kaigusa mwisho?" Nikasema mimi. "Ya zamani unayo?" Bahati nzuri binamu alikuwa na nakala akanitumia. Sasa hapa ndo aliponikamata moyo, hakushika bisibisi wala mita. Alichukua programu zote mbili, ya binamu na yangu, akazipitisha kwenye kompaila kwa opsheni zilezile, akafungua maagizo ya mashine yaliyotoka kwa objdump, chombo cha kuyaonyesha, akayaweka kushoto na kulia kwenye laptopu moja yenye ufa, akaanza kusoma kwa kidole kama mtu anayesoma barua.

Baada ya kama robo saa akaniita. Kwenye ya binamu kulikuwa na lupu, yaani maagizo kadhaa yanayojirudia, soma pini, pima, rudi juu. Kwenye yangu mahali palepale pamebaki agizo moja tu, e7fe. Akanambia hilo kwenye chipu za ARM za aina hii maana yake ni ruka ujirukie mwenyewe, milele.

Alivyonieleza ni hivi na naomba nirudie kwa kirefu kwa sababu naamini wapo wengi watakaofanya nilichofanya. Pini za bodi zinasomwa kwenye anwani, kwa mfano pini za mlango A, jina la kundi la pini sio mlango wa friza, kwenye chipu hii zinasomwa 0x40010808. Binamu kila anapoigusa anwani hiyo kaandika volatile, neno linaloiambia kompaila isome upya kila mara. Mi niliona ni neno la kujazia nikalifuta, nikaweka pointa ya kawaida, yaani kigezo kinachoshika anwani, safi. "Rejista sio kumbukumbu mdogo wangu, ni dirisha, nje watu wanapita." Kompaila haijui kama kuna waya umechomekwa kwenye hiyo anwani, inaangalia ndani ya lupu inaona hakuna anayeandika pale, basi inasoma mara moja tu kabla ya kuingia na jibu hilohilo inalitumia milele. Na kiwango rasmi cha C, yaani sheria za lugha, chenyewe kinasema kitu cha volatile ukikifikia kwa njia isiyo volatile hiyo ni tabia isiyofafanuliwa, yaani lugha haijaahidi chochote kitakachotokea, na kuna maelezo ya chini ya ukurasa yanataja kabisa anwani za vifaa kwamba nazo zimo. Kwa hiyo kompaila haikukosea. Mkataba niliuvunja mimi.

Nikamuuliza, sasa mbona siku nne ilifanya kazi? Akatoa lojiki analaiza, kifaa cha kurekodi waya unavyopanda na kushuka, akaunga kwenye waya wa sensa. Ukishaitingisha DS18B20 kwa kuvuta waya chini kwa mikrosekunde 480 na kuuachia, yenyewe inasubiri kati ya mikrosekunde 15 na 60 halafu inavuta waya chini kujibu kwamba nipo. Draiva ya binamu inakaa kimya mikrosekunde 40 ndo inaanza kuangalia. Tukaitazama ile ya friza ya pili, inajibu kwenye 38, 38, 39, 38, halafu mara mojamoja 41. Kwa hiyo mara nyingi jibu lishakuja, lupu inarukwa, hakuna anayejua kama ni mbovu. Siku sensa ikichelewa hiyo mikrosekunde moja au mbili, programu ya binamu ingezunguka kidogo ikaendelea, yangu inasoma waya uko juu, inakwenda kukaa kwenye e7fe na haitoki, rilei zinabaki zilivyokuwa, kioo kinabaki na namba ya mwisho. Samaki 30 kilo. Na mezani kwa -O0 nisingeiona hata mwaka kwa sababu kule kompaila ilikuwa inasoma pini kila mzunguko, volatile isiwepo.

La rilei kutikatika lilimfurahisha kuliko la kwanza, ukimuangalia usoni unaona mtu anapenda kazi yake. Sensa ikichomolewa pointa yake inakuwa tupu, yaani inashika anwani sifuri. Binamu alikuwa anauliza kwanza kama pointa ya sensa ni tupu ndipo anachukua namba ya pini. Mi nikapanga "vizuri", vigezo vyote juu kabisa, namba ya pini naichukua mstari wa kwanza, swali la utupu linakuja baadaye. Kuigusa pointa tupu ni tabia isiyofafanuliwa, kwa hiyo kompaila ikawaza hivi, kama ameshaigusa basi haiwezi kuwa tupu, hili swali la chini la nini, ikalifuta. Akanionyesha kwenye maagizo, kweli swali halipo! Akanambia jambo hilihili liliwahi kuwakuta watu wa Linux mwaka 2009, kwenye draiva ya tun ya mambo ya netiweki, toleo la 2.6.30, mstari mmoja unachukua kitu kutoka kwenye pointa, chini yake kidogo ndo unauliza kama ni tupu, kompaila ya GCC ikalitoa swali, na ukawa mlango wa mtu wa kawaida kujipa mamlaka yote ya mashine. Baada ya pale wakaweka opsheni ya kuikataza kompaila isifute maswali ya aina hiyo kwenye keneli nzima, yaani kiini cha Linux. Mi nikakaa kimya, kwa sababu wale ni watu wazima wa kazi hii.

Na kwenye kompyuta ya kawaida ukigusa anwani sifuri programu inauawa, unajua kuna shida. Kwenye STM32 anwani sifuri ni halali, chipu ikiwaka kutoka flashi, kumbukumbu yake inayotunza programu, basi pale inaonekana flashi yenyewe, na neno la kwanza ni anwani ya kuanzia ya steki, eneo la kumbukumbu la kazi, kwetu 0x20005000. Draiva yangu ikaichukua hiyo kama namba ya pini. Pini inachaguliwa kwa kusogeza biti moja mara sawa na namba yake. Kusogeza biti mara nyingi kiasi hicho nako hakujafafanuliwa, ila chipu ile inaangalia baiti ya mwisho tu ambayo ni 00, ikatoka pini 0, na pini 0 kwenye bodi yetu ndo rilei ya friza ya kwanza. Alivyomaliza kuichora kwenye daftari nilipata baridi mgongoni, wiki nzima kitu nilikiona kwa macho yangu nikakiita cha ajabu nikapita.

Kulikuwa na la tatu pia, baiti mbili za joto nilizigeuza kuwa namba kwa kulazimisha pointa izisome kama namba moja badala ya kusogeza na kuunganisha, akasema hapa M3, kiini cha chipu yetu, imenivumilia tu, siku ningehamia chipu ya M0 na anwani ikaangukia isipogawanyika kwa mbili ingeanguka papo hapo, na hata bila hivyo kompaila inayo ruhusa ya kuamini zile baiti na ile namba hazihusiani.

Alichofanya sasa. Hakunirudishia ya zamani tu akachukua hela, ingawa angeweza na mi ningeshukuru. Alibakiza usafi wangu pale ambapo haukuwa na madhara, akarudisha volatile, akarudisha swali la utupu juu, akaunganisha baiti kwa kusogeza, akaiwekea lupu kikomo cha kusubiri, na akawasha ulinzi wa ndani ya chipu unaoiwasha upya programu ikiganda, kitu ambacho hata binamu hakuweka. Sehemu zisizogusa vifaa akaziendesha kwenye laptopu na -fsanitize=undefined ili zipige kelele zikivunja sheria, ila akaniambia kweli kwamba hiyo haioni kosa la volatile, hilo linatafutwa kwa macho. Akalaza bodi dukani siku mbili, sensa moja kwenye ndoo ya barafu na nyingine anachomoa anachomeka. Sasa ni wiki ya sita, friza zote ziko -18 ya kweli, nimenunua kipimajoto cha pembeni nahakikisha kila asubuhi.

Bei ni 70,000 jumla. Wapo watakaosema ghali kwa "kurekebisha programu", mi nasema nililipa 25,000 kwa sensa isiyokuwa na ugonjwa na nikapoteza samaki wa zaidi ya hiyo mara kadhaa, na huyu kanipa na kurasa nne za daftari zenye michoro ambazo nimezipiga picha zote.

Nusu nyota nimeitoa kwa sababu ya simu. Hapokei. Akiwa kazini simu anaifungia kwenye droo, nami namwelewa, ila mtu ana samaki wanaoyeyuka anataka ajue asubuhi hii apange nini, nilimtafuta mara sita siku ya pili mpaka nikaenda mwenyewe na baiskeli juani. Pia risiti mpaka uiombe. Na anaongea haraka, usipomzuia anakuacha njiani, mwambie tu "fundi rudia hapo" anarudia bila kukuona mjinga.

Ukienda, beba programu unayotumia sasa na ile ya mwisho iliyokuwa inafanya kazi, zote kwenye flashi, na uandike opsheni za kompaila ulizotumia, bila hivyo atakurudisha nyumbani. Ijumaa baada ya swala harudi mpaka alasiri. Mama kamtumia changu wawili wa nazi kwenye hotipoti, na hotipoti bado ipo kule, nitaifuata nikipeleka bodi ya jirani yetu wa mashine ya barafu.