White Sox 2024: kimeo kilichotoka hivyo kiwandani

Haya wadau, karibuni tena. Leo mezani hatuna simu wala blenda. Tunachambua msimu mzima wa timu: Chicago White Sox, toleo la 2024. Mechi 162, ushindi 41, vipigo 121. Tangu mwaka 1901 hakuna timu ya ligi kuu ya besiboli Marekani iliyopigwa mara nyingi hivyo ndani ya msimu mmoja. Rekodi waliyoivunja ilikuwa ya New York Mets ya 1962, vipigo 120, na wale walikuwa na kisingizio: timu ndiyo kwanza ilianzishwa mwaka ule. Hawa wa Chicago wana zaidi ya miaka 100 kazini.

Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye maoni kwamba walikosa bahati. Tulimalize hilo kwanza, maana kipimo kipo na hakihitaji uwe mhasibu. Chukua mikimbio, yaani pointi za besiboli, waliyopata msimu mzima: 507. Izidishe kwa yenyewe: 257,049. Chukua mikimbio waliyofungwa, 813, fanya vilevile: 660,969. Jumlisha zote mbili, upate 918,018. Sasa ile ya kwanza igawe kwa hiyo jumla. Inakuja 0.28. Zidisha kwa mechi 162: ushindi 45. Yaani bahati mbaya, tukiibebesha kila inachoweza kubeba, imekula mechi 4. Vipigo 117 vilivyobaki wamevitengeneza wenyewe, kwa mikono yao.

Na wala havikuja kwa kushtukiza. Mwaka 2021 timu hii ilishinda mechi 93 na kuchukua ubingwa wa kanda yake. 2022 ikashinda 81. 2023, 61. 2024, 41. Gari linalopoteza oili kwa mtindo huo, hata utingo angesema lisimame.

Haya, tufungue boneti. Tuanze na upigaji, kwa sababu hapo ndipo penye uozo mkubwa. Mikimbio 507 kwa mechi 162 ni 3 na kidogo kwa mechi, wakati wao walikuwa wanaruhusu 5. Hakuna timu nyingine kwenye ligi nzima iliyopata mikimbio michache kuliko hao. Sababu ni namba moja ambayo watu wanairuka: katika kila wapigaji 100 wa White Sox waliosimama kupiga, 28 tu ndio waliofanikiwa kufika besi, vile vituo ambavyo mchezaji anavizunguka hadi apate mkimbio. Kwa wageni wa mchezo huu, besiboli ni mnyororo. Una nafasi ya kutolewa watu 3 tu kila inningi, yaani kila zamu yenu ya kupiga, kwa hiyo mkimbio mmoja kwa kawaida unahitaji watu wawili au watatu wafuatane bila kukwama. Ukiwa na 28 kati ya 100, kwa hesabu ya haraka, zaidi ya theluthi ya inningi zako wapigaji 3 wa mwanzo wanatolewa wote mfululizo na kurudi kukaa benchi. Mnyororo hauanzi hata kufungwa.

Tazama spea walizonunua kuziba pengo. Mdakaji Martín Maldonado, mkongwe, sifa yake kubwa ni kudaka na kuwaongoza warushaji. Sawa. Lakini wastani wake wa kupiga akiwa Chicago ulikuwa .119. Kwa lugha ya sokoni, kila mara 100 akijaribu, anapata 12. Huyo ulimtafuta mwenyewe na ukamlipa, hukulazimishwa. Luis Robert Jr., ambaye 2023 aliupeleka mpira nje ya uzio mara 38, aliumia nyonga mapema Aprili, akacheza mechi 100 na kumaliza na 14. Majeraha ni majeraha, silaumu mtu. Ninacholaumu ni kwamba nyuma yake hapakuwa na mtu.

Sasa cha kushangaza, na hapa naomba mnisikilize, urushaji wa mwanzo, wa wale wanaofungua mechi, haukuwa mbaya hivyo. Garrett Crochet alianza mechi 32 na kuwatoa wapigaji 209 kwa straiki, yaani mirusho mitatu waliyoshindwa kuipiga, ndani ya inningi 146. Hiyo ni kazi ya nyota. Tatizo ni kwamba 2023 alikuwa ametupa inningi 12 na kitu tu, hivyo kuanzia Julai wakaanza kumtunza kama sahani za harusi: inningi 4, kaa chini. Uamuzi wenyewe una mantiki, mkono wa kijana ukikatika hakuna fundi wa kuuunga haraka. Lakini fanya hesabu: mechi ina inningi 9, nyota wako anakupa 4, kwa hiyo 5 zinabaki kwa warushaji wa akiba. Na warushaji wa akiba wa White Sox 2024 ndio waliokuwa wakipewa mechi inaongoza na kuirudisha imekufa.

Kipande cha kuonyesha jinsi kitu hiki kilivyokuwa kinaharibika hata pale kinapoanza kuwaka: Mei 23, nyumbani, dhidi ya Baltimore. Inningi ya 9, Sox wamepambana kutoka nyuma hadi 8-6, wana mtu besi ya kwanza na mwingine ya pili, aliyetolewa ni mmoja tu. Andrew Benintendi anapiga, mpira unapanda juu, juu kabisa, ndani ya eneo la karibu. Kwa sheria, mpira wa namna hiyo mpigaji anahesabiwa ametolewa papo hapo, uangushwe usiangushwe. Sawa, wawili. Lakini Andrew Vaughn, aliyekuwa besi ya pili, anarudi kwenye besi yake na njia yake inakutana na ya Gunnar Henderson wa Baltimore anayekwenda kudaka. Mwamuzi anasema amemzuia. Henderson ameudaka mpira bila shida yoyote! Haisaidii, Vaughn naye nje. Watatu. Mechi imekwisha kwa mpira mmoja ambao haukugusa hata ardhi. Mnaweza kubishana kuhusu mwamuzi hadi kesho, ila Vaughn alipaswa kuangalia alipo mtu anayekwenda kudaka kabla ya kuanza kurudi. Ndilo jambo la kwanza anafundishwa mtoto.

Halafu Julai. Tarehe 10 walicheza mechi mbili siku moja na Minnesota. Ya kwanza, Michael Kopech alikuja kufunga mlango: mirusho 9, straiki 9, watu 3 nje, ushindi 3-1. Kitu adimu sana. Mechi ya pili wakafungwa 3-2, na hawakushinda tena hadi Agosti 6 kule Oakland. Vipigo 21 mfululizo! Katikati ya balaa hilo, Julai 25, Dylan Cease, mrushaji ambaye walimuuza San Diego wiki mbili kabla ya msimu kuanza, aliwanyima Washington hata pigo moja safi kwa mechi nzima. Kopech naye akauzwa Los Angeles mwisho wa Julai, Oktoba akatwaa ubingwa. Vitu vizuri vinatoka dukani, dukani panabaki maboksi.

Kocha Pedro Grifol alifukuzwa Agosti 8, akiwa na ushindi 28 na vipigo 89. Huku kwetu Simba au Yanga akifungwa mechi 3 kocha anaanza kukunja nguo, huyu alipewa 117. Ila tusidanganyane, kocha alikuwa kava la nje tu. Grady Sizemore aliyeshika kwa muda naye alishinda 13, akafungwa 32.

Mtasema timu mbovu haijengwi kwa siku moja. Nitawaonyesha Kansas City, kanda hiyohiyo. Mwaka 2023 walifungwa mechi 106, wabovu kuliko Sox. Kipindi cha baridi wakatoa hela, wakanunua warushaji wawili wa kuanza, Seth Lugo na Michael Wacha. 2024 wakashinda 86 na kuingia mtoano. Na walipokutana na White Sox mara 13, walishinda 12. Hela iliyotoka ilirudi kwa kumchapa jirani aliyebana yake.

Mbona mmiliki, Jerry Reinsdorf, hashtuki? Kwa sababu Marekani hakuna kushuka daraja. Ukishika mkia, mwakani upo palepale, na kwa kawaida unapewa nafasi za mbele kuchagua vijana wapya wanaoingia ligi. Safari hii hata hilo limewaponyoka. Kanuni mpya inasema timu ya soko kubwa haiwezi kupata nafasi ya juu miaka miwili mfululizo, na Sox walishachagua wa 5 mwaka 2024. Kwa hiyo vipigo 121 viliwapa nafasi ya 10. Wamekula hasara na risiti hawana.

Nembo ya kampuni iliyokuwa na jina lake kwenye uwanja wao mwaka ule ilikuwa mshale mwekundu unaoelekea chini. Sikuichora mimi. Na Papa Leo XIV, mtoto wa Chicago, ni shabiki wao, kamera zilimnasa jukwaani kwenye fainali za 2005. Sala zipo, tatizo wapigaji.

Toleo la 2025 lilifanyiwa marekebisho kidogo: ushindi 60, vipigo 102. Crochet amekwenda Boston, wamerudi vijana wanne, akiwemo mdakaji Kyle Teel ambaye anapiga kweli. Ukitaka kuifuatilia timu hii, mfuatilie huyo. Dhamana je? Mashabiki walioimba uwanjani "uza timu" walipata jibu Juni 2025: makubaliano na tajiri Justin Ishbia yanamruhusu Reinsdorf kumkabidhi usukani kuanzia mwaka 2029. Kuanzia. Asipotaka, Ishbia anapata haki ya kuuchukua baada ya msimu wa 2034.