TAHADHARI: "Mpimaji udongo" anayezunguka Malindi na vyeti vya uongo

Jamani, kama unanunua ploti iliyowahi kuwa na pampu ya mafuta hapa Malindi, soma hii kabla hujatuma pesa.

Familia yetu ilikuwa inanunua ploti upande wa Maweni. Tangi la chuma lilifukuliwa zamani, shimo likajazwa kifusi. Dalali akatutoa wasiwasi: ana "mtaalamu wa mazingira" wa kutupimia udongo. Bei elfu 35, nusu mbele kwa M-Pesa. Tukatuma.

Jamaa alishuka kwenye tuktuk na jembe dogo na mifuko ya nailoni, ile iliyopigwa marufuku tangu 2017. Hapo tu ningeshtuka. Akachota mchanga wa juu, kina cha kiganja, kwenye pembe nne za ploti. Palipokuwa tangi hakupagusa. Mifuko akaitupa kwenye dashibodi, jua la saa saba. Nilipomuuliza akacheka: "Kaka, mafuta yangekuwepo ungeyaona."

Kesho yake karatasi ikaja: "Udongo ni safi." Muhuri mkubwa wa bluu. Jina la maabara hakuna, namba ya sampuli hakuna, kina kilichochimbwa hakuna.

Aliyetuokoa ni bibi wa nyumba ya pili. "Wanangu, maji ya kisima hiki sisi hatunywi siku nyingi." Akateka ndoo, akaiweka juani. Juu ya maji utando mwembamba, rangi zikicheza kama mgongo wa samaki. Nilipoinama, harufu ya petroli ikanipanda puani.

Tangi likivuja, mafuta hushuka chini. Utayakuta chini ya kitako cha tangi, kwenye maungio ya mabomba na pale lori lilipokuwa likimimina. Mchanga na matumbawe yetu hayazuii kitu. Mafuta yakifika kwenye maji yanaelea juu yake na kusafiri nayo hadi visima vya majirani. Mchanga wa juu unaweza kuwa safi kabisa, na kifusi kilitoka kwingine! Huyu bwana alipima mchanga wa juu tu, tena wa pembeni.

Halafu ile mifuko. Ndani ya petroli mna benzeni, inayosababisha saratani, na inaruka hewani upesi. Ndiyo maana sampuli ya kweli hutiwa kwenye chupa ya kioo, hujazwa pomoni, hufungwa kukaza na kuwekwa kwenye barafu, ikifuatana na fomu inayoonyesha imepita mikono ya nani. Baada ya dashibodi ya Malindi, hata kama kulikuwa na kitu, kilikuwa kimeshapaa.

Mtu akija kupima kwako, mtake namba yake ya usajili wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, uihakikishe huko huko NEMA, si kwa simu anayokupa yeye. Achimbe palipokuwa tangi, kitako na kuta za shimo, na kisima nacho kipimwe. Ripoti itoke maabara moja kwa moja, ikisema kila sampuli ilitoka wapi na kina gani.

Tulipodai pesa zetu, simu ikazimwa. Dalali naye sasa eti hamjui. Ploti tumeiacha, elfu 17 na mia tano zimekwenda.

Jana nimesikia yuko Watamu, anapima ploti nyingine ya tangi lililofukuliwa. Mwenye ploti kama unasoma: mwambie aanze kuchimba pale pale lilipokuwa tangi, umwone atakavyoitafuta tuktuk yake.