Lighthouse ya Chrome kwa anayeanza kutengeneza saiti: uzoefu wangu

Naitumia sana Lighthouse, kipimo cha ubora wa saiti, hasa madogo wanaojifunza HTML na CSS wakinitumia kazi zao niziangalie, na kwa kweli ni kitu kizuri, cha bure, kimo humohumo ndani ya Chrome ya kompyuta, hata saiti ambayo haijapanda hewani unaipima palepale kwenye mashine yako. Unabonyeza F12, unaenda kwenye Lighthouse, unachagua Mobile, unasubiri kidogo, maksi hizo hapo. 90 kwenda juu kijani, chini ya 50 nyekundu.

Ninachoipendea haikupi maksi tupu ikakuacha, inakuonyesha na sehemu yenyewe. Kuna dogo alitengeneza menyu ya mgahawa, chipsi kuku, pilau, bei zote kaziandika kijivu #999 juu ya nyeupe, kwenye skrini ya laptopu ndani kwake inapendeza balaa. Lighthouse ikamdaka hapohapo, maana rangi hizo mbili ukizilinganisha mwangaza wake hazifiki hata 3 kwa 1, na maandishi ya kawaida yanatakiwa angalau 4.5 kwa 1. Akabadilisha ikawa #767676, bado kijivu, bado ya kishua, ila sasa hata mtu aliyesimama juani ameshika simu anaiona bei.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Kupata 100 kwenye Accessibility (yaani saiti kutumika na kila mtu, hata asiyeona) haina maana saiti inatumika. Menyu ileile ilikuwa na sehemu ya kubonyeza imeandikwa Agiza, kaijenga kwa div (kiboksi cha kawaida tu) akaibandika onclick ili ibonyezeke, ina kijani chake na kona za mviringo, ukiiona unasema hii batani kabisa, na Lighthouse ikapita kimya. Chukua kibodi piga Tab, Tab, Tab, inairuka hiyo Agiza kama haipo! Weka button ya kweli ya HTML, yameisha. Na ile outline: none, inayofuta mstari wa kuonyesha Tab imefika wapi, mnayokopi kila mahali itoeni jamani, mtu wa kibodi hajui yuko wapi. Picha nazo hivyohivyo, kwenye alt, maelezo yanayosomwa badala ya picha, ukiandika alt="picha" unapasi, lakini asiyeona kaambiwa nini hapo? Huko chini kwenye sehemu ya Accessibility ya ripoti wamewawekea vitu vya kukagua wenyewe kwa mkono, shida hamshuki huko.

Kingine, template nyingi zinakuja na lang="en", yaani lugha ni Kiingereza, wewe umejaza Kiswahili kitupu na Lighthouse inaona poa tu kwa sababu "en" ni kodi halali ya lugha. Washa TalkBack, kisoma skrini cha Android (kwanza jua inazimwaje, maana kugusa kunabadilika, kufungua kitu ni kugonga mara mbili) uskie pilau inavyoweza kusomwa kizungu. Ukiweka lang="sw" unaipa simu nafasi ya kuchukua sauti ya Kiswahili kama ipo.

Upande wa mpangilio haikusaidii kivile. Itakwambia kama umesahau meta ya viewport, ambayo bila hiyo simu inaichukulia kurasa kama ina upana wa pikseli 980 hivi na herufi zinakuwa sisimizi, lakini kwamba kadi zako zimebanana au jina la chakula limekatika, hilo utaliona kwa macho yako. Ukiwa humo kwenye F12 bonyeza Ctrl+Shift+M upate mwonekano wa simu, vuta upana mpaka 320, kikitokea cha kusukuma kushoto kulia basi katafute ile width: 1200px uliyoiweka mahali, ifanye max-width. Kadi mimi nazipanga kwa grid, repeat(auto-fit, minmax(250px, 1fr)), zinajipanga zenyewe na media query nyingi (zile kanuni za CSS za kila ukubwa wa skrini) hazina kazi tena.

Maksi za Performance, yaani kasi, zisikutoe roho, zinapanda na kushuka kila ukirudia, pimia kwenye incognito (dirisha la faragha) ili extension, viongezo vya Chrome, zisiingilie. Na asiye na laptopu afungue PageSpeed Insights kwenye simu, ndani yake ni Lighthouse ileile, ila huko saiti lazima iwe hewani tayari.