Transista za priampu ya santuri: BC549C imenitoa, zile "za Kijapani" zimekula hela yangu

Wenye haraka nawapa jibu kabisa. Kama una pleya ya santuri yenye katriji (kile kichwa chenye sindano) ya kawaida, zile za MM ambazo sumaku ndo inacheza, na unataka kujiundia priampu mwenyewe, yani kikuza sauti kinachokaa kabla ya amplifaya, chukua BC549C au BC550C, pima gein (inakuza mkondo mara ngapi) moja moja, iendeshe kwa mkondo mdogo kama maikroampia 100, umemaliza. Mimi nimefika hapo baada ya miezi minne na hela ambayo mama watoto mpaka leo hajui ni shingapi, ndo maana naandika.

Pleya ni Technics, ile inayozungushwa na mkanda, niliachiwa na baba mdogo pamoja na maboksi mawili ya santuri, nyingi zile ndogo za 45, dansi na taarab za miaka ya 70. Katriji ya zamani ilikuwa imekufa, nikaweka Audio-Technica VM95E. Sasa amplifaya yangu ni hizi za kisasa zenye bluetooth na taa kibao, tundu la fono haina, ukichomeka pleya moja kwa moja unaskia muziki kama uko nyumba ya tatu na besi hakuna kabisa. Maana katriji ile inatoa milivolti 4 tu, amplifaya inataka mia mbili, mia tatu huko. Halafu kuna ile kanuni ya RIAA, santuri ikikatwa besi inapunguzwa makusudi ili mfereji usiwe mpana, na triblu inaongezwa, sasa wewe wakati wa kusikiliza unarudisha kinyume. Kwa hiyo sauti ya kati unaikuza kama mara mia hivi, na besi ya chini kabisa kule hezi 20 unaikuza karibu mara kumi zaidi ya hapo. Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini transista ya kwanza ndo kila kitu, chochote itakachonong'ona yenyewe kitakuzwa pamoja na muziki. Ya pili haina neno sana.

Sakiti niliyotumia ni ile ya kale ya transista mbili kila upande, inatumia volti 24. Kuna mafundi wanaidharau kwa sababu kule chini kabisa ukuzaji wake unaishiwa nguvu na besi ya mwisho inapungua kidogo. Ni kweli inapungua. Spika zangu zenyewe huko hazifiki, kwa hiyo tuendelee.

Ya kwanza niliunda kwa BC547B, zilikuwa ndani, nilizitoa kwenye bodi za chaja mbovu. Ikaimba siku ya kwanza, niliruka! Halafu santuri ikaisha, sindano ikanyanyuka, nikaskia shiiii kama mtu anakaanga maandazi chumba cha pili. Wife akauliza hiyo redio umeiacha nje ya stesheni? Kwa sauti ndogo huioni, ila mimi usiku nasikiliza kwa hedifoni na hapo ilikuwa kero ya kweli.

Ndo nikaanza kusoma, na hapa nikapotea njia kama wengi tunavyopotea. Kila ukisoma unakutana na majina yale yale, 2SC2240, 2SA970, 2SK170, za Toshiba, watu wanazisifia kama dawa ya mganga. Sifa zenyewe ni za haki, 2SK170 ni feti (FET, transista ya aina nyingine) yenye kelele ndogo mno, chini ya nanovolti moja kwa kipimo chao, tena mkondo wa kelele ni kama hakuna. Tatizo Toshiba waliacha kuzitengeneza zamani, kwa hiyo unayouziwa leo kwa bei ya kutupa swali ni moja tu, imetoka wapi?

Mimi sikuuliza. Niliagiza mtandaoni 2SC2240 ishirini na 2SK170BL kumi, duka silitaji, wiki tano nasubiri. Zimefika zinang'aa, maandishi meupe yamekaa vizuri kuliko hata transista mpya dukani, hiyo peke yake ingenishtua. Nikaweka C2240 (ndo hiyo 2SC2240 kwa kifupi) kwenye tundu la hFE, la kupimia gein, la mita yangu ya njano, hizi za bei rahisi kila fundi anayo. Herufi iliyoandikwa ni BL, maana yake gein iwe 350 mpaka 700. Ya kwanza 118. Ya pili 121. Nikasema labda mita betri imeisha, nikabadilisha betri, 119. Zote ishirini ziko hapo hapo, ni transista ya kawaida kabisa imefutwa jina ikaandikwa lingine. Zile feti nazo kipimo chake ni rahisi, unaunganisha mguu wa geti na wa sosi pamoja, unaweka kama volti 10 kwenye mguu wa dreni, unasoma mkondo. BL inatakiwa miliampia 6 hadi 12. Zangu zilikuwa zinacheza kwenye 2. Kumi zote. Nilikaa kimya nikazima mita.

Hela yenyewe sikurudishiwa, tuishie hapo.

Basi nikarudi Kariakoo kwa mzee mmoja anauza spea za redio, kibanda kidogo, vidroo mpaka darini. Namuelezea mambo ya nanovolti ananiangalia tu, akaniambia mwanangu, wewe unataka transista ya mbele ya maiki, chukua 549 yenye C, hizo tulikuwa tunaweka kwenye amplifaya za maiki miaka yote. Nikachukua BC549C thelathini na BC550C kumi, bei hata nauli ya bodaboda niliyokujia ilizidi. Tofauti ya hizo mbili ni volti, 549 inavumilia 30 na 550 inavumilia 45, kelele ni ndugu moja. Kwa umeme wa 24 zote zinafaa.

Nyumbani nikapima. C inatakiwa 420 hadi 800, zangu zimesoma kati ya 460 na 560, nikazipanga kwenye trei ya mayai kila moja na namba yake. Kwa stereo tafuta mbili zinazokaribiana, kushoto na kulia, usihangaike zifanane mpaka namba ya mwisho.

Nikaziweka mahali pa zile BC547B. Shii ikapungua, ila si kwa kiasi nilichotarajia, na hapa ndo pana jambo ambalo nilichelewa kulielewa. Transista ina kelele mbili. Moja ni ya volti, hiyo ndo kila mtu anaiongelea. Ya pili ni ya mkondo, inatokana na ule mkondo mdogo unaoingia kwenye beisi (beisi, mguu wa kuingilia wa transista jamani, si besi ya muziki), na hii ya pili inazidishwa na kitu ulichochomeka mbele. Sasa katriji ya MM ni koili ndefu ya waya mwembamba. Yangu ukiipima kwa mita inasoma omu 485, unaona ndogo, ila ina milihenri 550, kwa hiyo ikifika hezi elfu kumi inakuwa kama kilo-omu 34. Hapo kelele ya mkondo inapata pa kusukuma, na masikio yetu huko juu ndo yanaiskia shii vizuri.

Sakiti yangu ilikuwa inaendesha transista ya kwanza kwa miliampia 1, maana nilisoma mahali kwamba mkondo mkubwa unapunguza kelele. Inapunguza ile ya volti, ndiyo! Na inaongeza ile ya mkondo. Mbaya zaidi nilikuwa najaribu kwa kufunga mlango wa kuingilia, yani nimeunganisha ingizo na erthi, nasikiliza, kimya, najipongeza. Nikichomeka katriji, shii imerudi. Siku mbili namlaumu mwenye katriji. Ukitaka kujaribu priampu ya santuri iache katriji imechomekwa, sindano iko juu, ndo usikilize.

Nikatoa rezista ya kolekta (mguu wa kutolea) ya kilo-omu 22 nikaweka 220, na zingine zinazohusiana nikazirekebisha, mkondo ukashuka mpaka maikroampia 100. Aisee. Ile usiku nilivua hedifoni kuangalia kama imezimika. Shii ipo ukifungua volyumu mpaka mwisho, ila kwa volyumu ya kusikilizia unaskia feni ya dari kwanza. Kwa hesabu yangu mkondo wa kelele umeshuka kama mara nne hivi ukilinganisha na zile 547 za mwanzo, sehemu kwa sababu ya gein kubwa, sehemu kwa sababu ya mkondo mdogo. Kilichobaki kinatoka zaidi kwenye ile rezista ya kilo-omu 47 ya kuingilia pamoja na katriji yenyewe, na hiyo 47 ni lazima iwepo, huwezi kuikwepa hata uweke transista ya dhahabu. Ndo maana nasema kutafuta jina kubwa zaidi ya hapa ni kujichosha, kwa MM lakini. Wenye katriji za MC, zile ambazo koili ndo inacheza, msinifuate, hizo koili ni fupi na nyingi zinatoa chini ya milivolti moja, kule unageuza kila kitu, mkondo unapandisha na unatafuta transista zenye upinzani mdogo ndani ya beisi, watu husifia 2N4403, mimi sijawahi kumiliki MC kwa hiyo naishia hapo.

Bisi sasa, yani kelele ya kupasukapasuka. Katika zile thelathini kulikuwa na moja, namba 17, gein nzuri tu 530, ila ukiiweka inakaa kimya sekunde kadhaa halafu tap, tap-tap, kimya, tap. Kama bisi zinaanza kupasuka kwenye sufuria. Nilidhani ni mguu haujashika risasi, nikachomea upya mara tatu, wapi. Nikaihamishia upande wa kulia, bisi zikahamia kulia. Hiyo ni kasoro ya ndani ya transista, mita ya gein haiwezi kukuonyesha, ni masikio tu, kwa hiyo weka soketi kwenye bodi ya majaribio, usichomee moja kwa moja, kila moja iskilize dakika mbili tatu usiku watoto wamelala.

Nilijaribu na 2N5088, rafiki yangu aliniletea nne kutoka Nairobi. Hizi nazo ni nzuri, gein kubwa, kelele ndogo, ila mbili niliziua mwenyewe kwa uzembe. BC549 ukiigeuzia uso bapa kwako miguu chini ni kolekta, beisi, emita. 2N5088 ni kinyume, emita, beisi, kolekta. Na 2SC1815 zetu za kwenye maredio ni emita, kolekta, beisi, yani kila ukoo na mila zake. Mimi nimezipachika tu hivyo hivyo, sauti haitoki, nikaacha umeme unaingia jioni nzima huku natafuta kosa kwingine. Kumbe volti zinaingia kinyume kati ya emita na beisi, sehemu ambayo haivumilii volti nyingi. Nilipokuja kuzigeuza zikaimba vizuri, nikashukuru, ila gein imeshuka na mvumo wa chini chini umeongezeka, hazikurudi tena zilivyokuwa. Transista iliyopigwa hivyo inaonekana nzima na inafanya kazi, ila kwa mbele ya priampu ndo basi. Zile mbili nzima nikizilinganisha na BC549C sioni tofauti, nimemwambia wife achague bila kumwonyesha, akasema zote zinafanana naomba nilale.

Kukoroma, yani ule mvumo wa umeme wa hezi 50, usimsingizie transista. Mimi nilijua hivyo umeme ulipokatika, nikaunga betri mbili za UPS za volti 12, kukoroma kukaisha hapo hapo. Transfoma nimeisogeza nje kwa waya wa nusu mita, bodi nimeiweka ndani ya kopo la biskuti la bati, erthi zote zinakutana sehemu moja karibu na matundu ya kuingilia, na ule waya mwembamba wa erthi wa pleya usiuache unaning'inia. Rezista za mbele weka za metali, zile za kahawia za kaboni zina kelele yake.

Kuna jamaa atasema si ungeweka tu IC (chipu moja) ya NE5534 ukalala mapema. Ungelala kweli, kwa MM inakaribia sana na sidhani ungeskia tofauti. Mimi nilitaka transista.

BC549C naipa 9 kwa 10, hiyo moja nimekata kwa sababu ya namba 17. BC550C 9 pia, 2N5088 nane na nusu, hiyo nusu ni hasira zangu mwenyewe. Zile "C2240" nne nimefungia taa za banda la kuku, ziwake jioni zenyewe, zinafanya kazi vizuri sana. Zimebaki kumi na sita, mwenye kuku aje achukue.