Kamera nne za dukani kwangu, na fundi aliyeniambia sitaelewa

"Mama, hivi vitu wewe huwezi kuvielewa."

Maneno hayo niliambiwa kwa simu asubuhi na mapema, nimesimama mbele ya mlango wa stoo uliovunjwa, kufuli liko chini limekatwa, na majirani wamejaa uani. Nilikuwa nimetaka kuandika maoni yangu ya mteja juu ya kamera za ulinzi tu, niseme nazipa nyota ngapi kati ya tano, lakini kila nikianza, sauti ile ndiyo inayotangulia. Basi itangulie.

Nina duka la vyakula Tabata, jumla na rejareja. Kamera nilizinunua Kariakoo, nne na mashine yake ya kurekodia, baada ya jirani yangu wa duka la dawa kuibiwa mara mbili. Aina yake na uwezo wake sitaeleza, ukifika dukani utasomewa mpaka uchoke. Fundi nilipewa na wale wale wauzaji kwa mapendekezo. Alikuja, akatoboa kuta siku nzima, akafunga moja inaangalia barabara, moja kaunta, moja rafu za ndani, na ya nne chini ya paa la uani, inaangalia mlango wa stoo. Akaniwekea programu kwenye simu, akanionyesha duka langu likiwa limelala usiku, picha safi kabisa. Nililipa fedha yake yote siku hiyo hiyo. Akaniahidi huduma mwaka mzima bila malipo, nikamshukuru, nikampa na soda.

Wezi walikuja miezi kadhaa baadaye. Walichukua mifuko minne ya sukari, viroba vitano vya sembe na ndoo za mafuta ya kula sikumbuki ngapi, maana mahesabu ya siku ile nilifanya mikono ikitetemeka. Nikawaambia majirani wasihofu, picha zipo. Nilisema kwa kujiamini, mbele ya mjumbe na vijana wa ulinzi shirikishi.

Nikafungua tarehe ya jana yake. Hakuna kitu. Nikafungua ya juzi, hakuna. Nikahangaika kama nusu saa mpaka nikagundua kwamba mashine inadhani tuko mwaka 2000, mwezi Januari. Nikafungua hapo, kamera ya uani, nikasogeza mbele. Nilichokiona ni weupe mtupu, kama mtu amening'iniza chandarua mbele ya macho yangu. Nyuzi nene zinang'aa, zinapepea taratibu. Katikati yake anapita buibui, ukubwa wake kwenye kioo kama kiganja cha mtu mzima, anakwenda upande mmoja, anasimama, anarudi. Nyuma ya nyuzi ni giza. Kuna mahali nyuzi zinatikisika zote kwa pamoja, na chini kabisa kwenye pembe unaona kandambili. Kandambili moja, na kisigino. Inaonekana, inatoka, inarudi imebeba uzito, unaijua kwa jinsi inavyokanyaga. Huyo ndiye mwizi wangu. Nimemwangalia kisigino mara zisizopungua ishirini.

Ndipo nikampigia fundi. Nikamweleza kwa adabu, sikugomba. Akasema waranti haihusu wadudu. Nikamwambia aje basi aangalie, akasema kuja ni shilingi 50,000, nauli mbali. Nikamuuliza, na saa ya mashine mbona inasema mwaka 2000? Hapo ndipo akaniambia siwezi kuelewa, na akakata simu. Mimi nina umri wa mama yake. Nimeendesha duka miaka 19, nimesomesha watoto watatu kwa kupiga hesabu kichwani, na mtu niliyempa soda ananikatia simu kwa sababu nimeuliza saa.

Sasa sikilizeni, maana hili linaeleweka na mtu yeyote. Ndani ya mashine ya kurekodia kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu. Kazi yake ni kuitunza saa umeme ukikatika. Betri ikiwa imekufa, umeme ukikatika na kurudi, mashine inaanza kuhesabu upya kutoka mwanzo, na kwa yangu mwanzo ni Januari 2000, saa sita kamili usiku. Siku ile ya wizi umeme ulikatika alasiri, ukarudi nikiwa nafunga mahesabu, na nakumbuka kwa sababu redio ya kaunta iliwaka yenyewe na taarifa ya habari ya saa mbili ndiyo ilikuwa inaanza. Kandambili ile inaonekana mashine ikiwa imehesabu masaa sita na dakika kumi na saba tangu iwake. Ongeza hizo kwenye saa mbili usiku: saa nane na dakika kumi na saba. Nilipokwenda kituo cha polisi kuchukua RB, ile namba ya kumbukumbu ya taarifa, nilimweleza mpelelezi hivyo hivyo. Akaniangalia, akachukua karatasi, akapiga hesabu mwenyewe, kisha akaiandika ile saa. Akaniambia, "Mama, hii imetusaidia, tutauliza waliokuwa barabarani muda huo." Uso wa mtu sikuwa nao, nimpe nini zaidi.

Habari ya buibui nilifunzwa na kijana anayetengeneza simu kibanda cha pili kutoka kwangu. Alikuja jioni, akanisalimia shikamoo, akauliza kama anaweza kuiona. Tukazima taa ya uani. Akaniambia niielekeze simu yangu kwenye kamera na niangalie kupitia kamera ya simu. Kwa macho unaona vinukta vyekundu hafifu tu. Kwenye simu kukawaka duara la taa za zambarau, kali kama tochi. Kumbe kamera usiku hutoa mwanga wake, mwanga wa infraredi, ambao sisi hatuuoni lakini yenyewe inauona. Mwanga ule ukikutana na kitu kilicho mbali, mlango au mtu, unarudi kwa kiasi. Ukikutana na uzi wa buibui ulio sentimita mbili tu mbele ya lenzi, unarudi mwingi mno kwenye lenzi. Kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na kilicho mbali kinamezwa na giza. Nyumbani kwangu tena taa ya kawaida ilikuwa imefungwa juu yake pale pale, inavuta kumbikumbi na mbu, na buibui anafuata chakula chake.

Tulipanda kwenye stuli, tukatoa utando kwa ufagio laini, tukaifuta lenzi kwa kitambaa cha pamba. Tukaihamisha ile taa upande wa pili wa uani. Betri tukanunua mpya, bei yake chini ya soda mbili. Ukinunua kamera leo, mwulize fundi wako mambo hayo mawili kabla hujatoa fedha: betri ya saa, na taa iko wapi. Na kila Jumamosi fagia. Mimi sasa nafagia Jumatano pia.

Kwa hiyo nilivyopanga kuandika kwanza ni kwamba kamera hizi msizinunue kabisa. Nikajizuia, kwa sababu ya mtoto.

Ilikuwa mchana, shule imetoka. Bodaboda ilimgonga mwanafunzi wa darasa la pili mbele ya duka langu na ikaondoka. Mimi nilikuwa namhudumia mteja, nikasikia kishindo na kelele. Yule mama yake alipofika alikuwa amevaa kiatu kimoja. Tulimpeleka mtoto hospitali, mguu umevunjika, na jioni nikarudi nikafungua kamera ya barabarani. Saa sahihi, tarehe sahihi, picha safi. Namba za pikipiki ile zinasomeka zote, herufi kwa herufi, na rangi ya kiakisi cha dereva. Nikaziweka kwenye flashi, nikampa afande. Dereva alipatikana wiki ile ile na bima ikaguswa. Mama yule alikuja dukani kunishukuru, akalia pale kwenye kaunta, na mimi nikalia. Siku ile ungeniuliza, ningekwambia uza hata kitanda ununue kamera. Nilimwombea heri hata yule fundi, maana mikono yake ndiyo iliyoifunga pale juu, kwa pembe nzuri.

Heri hiyo naiondoa, na sababu ni hii.

Mwanangu aliyeko Mwanza aliomba awe anaona duka kwenye simu yake, anisaidie kuangalia ninapolala. Nikaingia kwenye programu nimwongeze. Ikakataa. Ikaandika kwamba mimi nimealikwa tu, mwenye mitambo ndiye anayeruhusu watu. Mwenye mitambo? Nikabonyeza, ikaleta namba ya simu, katikati imefichwa kwa nyota, lakini tarakimu tatu za mwisho nazijua. Namba ya fundi. Aliposajili siku ile alijisajili yeye kama mmiliki, mimi akanifanya mgeni kwenye duka langu.

Kumbukeni kamera ya nne iko wapi. Iko uani. Inaona mlango wa stoo, sawa, lakini inaona na kamba ya nguo, na inaona mlango wa bafu la nje. Binti zangu wanatoka pale na khanga asubuhi. Mimi natoka pale. Miezi yote hiyo mtu ambaye hata kuja kuangalia utando alidai 50,000 alikuwa anaweza kufungua simu yake akiwa kitandani na kutuangalia. Sijui kama alifanya. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwamba sikuwa na njia ya kujua.

Mpwa wangu anayesoma sheria aliniambia picha ya mtu anayetambulika ni taarifa yake binafsi, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo, malalamiko yanapokelewa. Karatasi zangu ninaziandaa. Lakini kwanza nilipanda basi mpaka Kariakoo na risiti yangu mkononi na picha ya namba ya utambulisho iliyobandikwa chini ya mashine. Binti wa kaunta pale dukani, mdogo tu, alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuniambia siwezi kuelewa. Aliomba kibali kwa kampuni ya kamera, tukasubiri, mitambo ikatolewa kwenye jina la yule mtu, akanisajili mimi kwa namba yangu, akageuza kichwa nilipokuwa naandika pasiwedi. Binti yule nampa nyota zote tano na dua juu yake.

Kamera zenyewe, basi, nilikuwa nimeamua nyota nne. Mchana hazina mfano. Usiku zinataka ufagio. Ya uani nimeigeuza, sasa inaona stoo na ukuta tu, bafu halimo.

Nilikuwa nimeshaandika mpaka hapa, nataka kumaliza, simu ikaita. Ni yeye, fundi. Hatujazungumza tangu asubuhi ile ya wizi. Sauti laini kabisa.

"Shikamoo mama. Mbona mitambo yako siioni tangu juzi, umekatiwa umeme?"

Tangu juzi. Juzi ndiyo siku niliyokwenda Kariakoo.

Nyota nne nimezifuta. Nimeacha moja, ya yule mtoto.